Mita Arobaini na Tatu, Kasoro Kidogo

Ukimpelekea Fundi balbu iliyoungua, hakuwa akiuliza wati. Aliigeuzageuza kwenye mwanga, akasoma maandishi madogo ya kwenye kishina chake, akaguna kama mtu aliyetajiwa mkwe asiyempenda, halafu akauliza: "Unataka ya buji ngapi?" Mgeni alidhani ameingia duka la kuuza mishumaa. Sisi tuliozoea tulijua kwamba kwa Fundi mwanga ulipimwa kwa mishumaa, nguvu ya groupe, ile jenereta, kwa farasi, na mawimbi ya redio kwa mita, na kwamba kubishana naye juu ya mambo hayo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Tuligawana baraza moja huko Ngezi, mtaa wa mji wa Bunia, Kongo. Yeye alikaa kushoto, katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo, na mimi kulia na cherehani yangu. Aliniita Mama Mashini. Mimi nilimwita Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita. Sijui alizaliwa wapi wala mwaka gani, na sikuwahi kuuliza, kwa sababu yeye mwenyewe akianza kusimulia maisha yake alianzia siku aliyofungua redio kwa mara ya kwanza. Yote yaliyotangulia aliyahesabu kama zile kelele zinazosikika kabla kituo hakijashika.

Kazi alijifunza katika vitabu alivyoachiwa na mzungu mmoja wa posta aliyeondoka kwa haraka. Vitabu hivyo vilikuwa vizee kuliko Fundi. Mende walikuwa wamekula pembe zake zote, lakini katikati maneno yalibaki, na maneno hayo yalikuwa yake kama Injili ilivyo ya mchungaji. Baadaye ulimwengu ukabadilisha vipimo. Kwa muda mrefu hakuna aliyefika Bunia kumpa habari hiyo, na alipopewa aliikataa.

"Banabadirisha bila kuniuliza," alisema. "Sasa mimi nitabadirisha juu ya nini?"

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa sentimita. Mimi sentimita nazijua. Nimezivaa shingoni kwenye utepe wangu tangu nikiwa msichana. Siku moja alinionyesha kondensata, kile kidude kinachohifadhi umeme kidogo ndani ya redio. Kilikuwa kidogo kama punje ya maharagwe. Akaniambia kwa fahari kwamba kina sentimita mia tano, maana ndivyo vilivyopimwa katika vitabu vyake. Nikachukua utepe wangu, nikauweka juu ya kile kidude mbele ya wateja.

"Fundi, hii haifiki hata mbili."

"Weye unapima nguo yake," akanijibu bila kuinua kichwa. "Mimi napima tumbo yake."

Wateja walicheka, na nilicheka nao, ingawa sikuelewa. Mpaka leo sijaelewa sawasawa.

Lakini mama mmoja muuza samaki wa Kasenyi ndiye aliyelipa gharama ya vitabu vile. Alikuwa akivuka ziwa kwenda Uganda mara kwa mara, na Fundi akamwagiza amletee kitu cha sentimita mia tano kwa ajili ya redio ya parokia. Jina la kitu hicho lilimponyoka mama yule kabla mtumbwi haujaacha ufuko, lakini kipimo alikishika vizuri, kwa sababu watu wa samaki hawasahau kipimo. Alirudi na waya mnene wa shaba, ameukunja vizuri juu ya kapu la makayabo, samaki wake wa chumvi.

"Nilipima mwenyewe, Muzee," alisema. "Mita tano kamili. Na niliongeza mukono moja juu yako."

Nilimtazama Fundi nikingoja alipuke. Hakulipuka. Aliupokea waya kwa mikono miwili, akamshukuru yule mama mpaka mama akaona haya, na alipoondoka akaniambia kwamba kosa lilikuwa lake, kwa kumtuma mtu bila kumwonyesha kitu. Waya ule akanipa mimi. Nikaufunga kati ya nguzo mbili nyuma ya nyumba nikawa ninaanikia nguo, na kwa miaka yote nguo zangu zilinuka samaki kidogo kila mvua iliponyesha.

Alikuwa hivyo. Alimfokea mtu aliyeleta redio yenye vumbi, na alimvumilia mtu aliyemharibia kazi ya mwezi. Alidharau vipimo vipya, lakini ukimletea kiredio kipya cha plastiki kutoka sokoni, macho yake yalimetameta, akakifungua kabla hujakaa. Betri alizijaribu kwa ulimi. Aligusa, akafumba macho, akatoa hukumu: "Hii ingali na siku mbili." Alikuwa na kipimo kimoja cha umeme alichokipenda kuliko vyote, kilichoitwa mho, cha kuonyesha jinsi umeme unavyopita kwa urahisi ndani ya kitu. Shaba ina mho nyingi, aliniambia, na ubao mkavu hauna. Kisha akaanza kukitumia kwa watu. Chifu wa mtaa hana mho: habari ikiingia kwake, haitoki. "Lakini weye, Mama Mashini, weye iko na mho ya kupita kipimo. Neno ikiingia kwako asubui, saa sita iko sokoni." Nilimwambia ni wivu tu. Hakuwa amekosea sana.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba Fundi hakupenda kusikiliza. Alifanya kazi siku nzima kuifanya redio iseme. Ikianza kusema vizuri, sauti safi bila mikwaruzo, aliizima. Vita vilipoingia Bunia na sisi wote tukawa watu wa kusikiliza habari chini ya vitanda, tukitaka kujua nani ameuteka mji na nani ameukimbia, yeye alitengeneza redio za mtaa mzima na yake ikabaki kimya. "Redio ni ya kutengeneza," alisema, "hapana ya kusikiliza. Ukisikiliza, utashindwa kulala."

Mke wake, tuliyemwita Mama Fundi, alikuwa amelijua hilo tangu zamani. Alisema ameolewa na mtu anayeweza kukamata sauti ya mtu aliye ng'ambo ya dunia, lakini hawezi kukamata sauti ya mke wake anayemwita kula kutoka jikoni. Na kweli ilibidi amwite mara nyingi. Alikuwa na namna yake ya kugomba, na mtaa wote uliijua: alianza chini, akapanda, akapanda tena, akanyamaza kana kwamba amemaliza, halafu akaongeza neno moja la mwisho lililokuwa kali kuliko yote. Mimi nilikuwa nikisimamisha cherehani ili nisilikose lile la mwisho. Fundi aliendelea kuchomea waya wake, akitikisa kichwa kama mtu anayekubali, na chakula kilipoa.

Halafu binti yao aliyeolewa Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu, akakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Mama Fundi akafunga mzigo wake na kupanda gari la wachimbaji. Asubuhi ile alimgomba mume wake kuhusu sombe, yale majani ya muhogo, iliyobaki kwenye sufuria na shati lililokuwa halijafuliwa. Fundi alikuwa na bisibisi mkononi na redio mbele yake. Alitikisa kichwa. Gari likaondoka.

Siku chache baadaye barabara ilifungwa. Mongbwalu ilitekwa, ikatekwa tena na wengine, na kila aliyefika kutoka huko kwa miguu alikuwa na habari tofauti na ya mwenzake. Wengine walisema watu wamekimbilia porini, wengine walitaja nyumba zilizoungua. Mji wetu nao haukupona. Tulikimbilia upande wa uwanja wa ndege, tukarudi, tukakimbia tena, na cherehani yangu nilikuwa nikiizika chini ya majivu jikoni. Fundi alikimbia na sanduku la vitabu vyake kichwani. Nilimcheka hata siku ile, na yeye akaniuliza kama cherehani yangu imelala salama.

Juu ya mke wake hakusema kitu. Lakini nilikaa naye kwenye baraza moja, na niliona. Karibu na saa saba mchana, saa ile ya kuitwa kula, aliweka chini chuma chake cha kuchomelea, akainua kichwa, akatazama upande wa jikoni. Alikaa hivyo kidogo, halafu akaendelea na kazi. Kabla ya vita sikuwahi kumwona akiinua kichwa saa hiyo, na iliniuma kuliko kama angelia.

Wakati ule simu za mkononi zilikuwa bado za wachache. Habari zetu zilibebwa na phonie, ile redio ya kusema na kupokea iliyounganisha mji na mji, na phonie ya Ngezi ilikuwa kwa Vero, mwanamke mwenye sauti kubwa na uvumilivu mdogo. Vero alisoma namba zake za kilohezi, kile kipimo kipya cha mawimbi, kwa Kifaransa, haraka haraka, na Fundi alikuwa haendi kwake bila kumrekebisha. "Sema mita, mama, mawimbi ina urefu." Vero alimjibu kwamba phonie yake haina mahali pa kuandika mita. Lakini kituo cha Mongbwalu kilikuwa kimenyamaza tangu mapigano ya kwanza, na siku hizo Fundi alikaa kwa Vero bila kumrekebisha mtu.

Mwishowe akaja mfanyabiashara wa dhahabu, Mwislamu mmoja mpole mwenye kofia nyeupe, wa wale wanaopima vumbi la dhahabu kwa njiti za kiberiti. Alikuwa ametembea porini siku nyingi na miguu yake ilivimba. Alisimama mbele ya baraza yetu, akatusalimia kwa salamu ndefu, kisha akamuuliza Fundi kama ndiye mume wa mama fulani mwenye maneno mengi.

"Njo mimi," Fundi alikubali.

"Basi iko muzima. Wiki mbili zilizopita nilimuacha muzima, kwenye kambi ya wachimbaji, yeye na binti yake. Opereta wa Mongbwalu alikimbia na phonie yake, iko nao kule, na betri ya gari. Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, saa tisa ya mchana, banaita Bunia. Mpaka betri ikufe. Ile mawimbi ya zamani askari banasikiliza, bakaiacha. Mama alinipa na adresi ya mawimbi ingine nikuambie." Akafumba macho, akakumbuka. "Mita arobaini na tatu."

Sijawahi kumwona mtu akifurahi kwa namna ile. Alinigeukia mimi, si yule mfanyabiashara, machozi yakiwa yamemjaa, na neno la kwanza lililomtoka likawa: "Umesikia, Mama Mashini? Mita! Katika Ituri yote, yeye peke yake njo anasema sawasawa!"

Jumapili ile Vero alifanya hesabu, mita kuwa kilohezi, akaandika namba kwenye phonie yake, na saa tisa tukaanza kuita. Mongbwalu, Mongbwalu, hapa Bunia, unanisikia? Kelele tu. Tuliita mpaka Vero akapoteza sauti. Fundi alikaa mkao wa mwanafunzi aliye tayari kujibu, na kadiri muda ulivyopita niliona mabega yake yakishuka. Ilipogonga saa kumi Vero alivua vyombo vya masikioni, na ingawa alikuwa mtu wa maneno makali, alisema taratibu.

"Muzee, tatizo ni hii. Mita yako moja iko pana sana. Ndani ya mita moja unaweza kuingiza stesheni ya Kongo yote. Pengine yeye iko pale, anaita, lakini siye tunagonga mulango ya jirani. Angetutumia kilohezi, saa hii munaongea."

Fundi alijua ni kweli, na alijua jambo lingine baya zaidi ambalo hakuna aliyelitaja: kwamba mke wake alituma mita kwa sababu yake, kwa sababu nyumbani kwao kwa miaka yote hakuna aliyeruhusiwa kutaja kipimo kingine. Na kule porini betri ilikuwa inakufa.

Wiki ile baraza yetu ilikuwa kama ya msiba. Nilimtania akaniangalia tu. Mtu alileta balbu, na Fundi akauliza: "Wati ngapi?" Niliogopa. Niliacha kushona, nikamwendea.

"Fundi, unagonjwa?"

"Siko mugonjwa. Ninafikiri."

Jumamosi aliteremsha kutoka juu ya kabati redio yake mwenyewe, ile kubwa ya mbao, ya taa za ndani, yenye kioo kilichoandikwa majina ya miji ya Ulaya na namba za mita chini yake. Ilikuwa redio yake ya kwanza na hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuifuta vumbi. Alinieleza mpango wake. Phonie ya Vero ilitaka namba kamili, haikujua kutafuta kwa kupapasa; redio ya mbao ilikuwa na kitufe chake cha kuzungusha, ikipita polepole juu ya mawimbi yote, toka arobaini na moja mpaka arobaini na tisa. Ikimkuta mahali, basi Vero atajua alenge wapi. Ilitaka umeme, na Vero alikuwa na groupe. Ilitaka antena nzuri pia.

"Mita tano ya waya munene ingefaa," alisema, akitazama upande wa nyuma ya nyumba.

"Na mukono moja juu yako," nikamwambia, na nikaenda kuanua nguo.

Jumapili mchana tuliifunga redio ndani ya kikwembe changu cha kitenge, nikajitwika, maana yeye alibeba waya. Njiani kulikuwa na kizuizi cha watu wenye silaha, vijana wenye macho mekundu, na siku hizo chombo chochote chenye waya kiliweza kukugharimu maisha. Mmoja alichungulia ndani ya kikwembe.

"Hii ni phonie. Munaongea na adui."

Fundi alifungua mdomo, na nilimwomba Mungu asianze kueleza habari za urefu wa mawimbi. Lakini yeye alikuwa anatazama kiredio kidogo kilichoning'inia shingoni mwa yule kijana, kikikwaruza tu.

"Hii inasumbua tangu lini?" aliuliza.

Kabla kijana hajajibu, Fundi alikuwa amekishika, amekifungua mgongo, amelamba betri, amepuliza vumbi, amekunja kiwaya kwa ukucha. Muziki ukatoka safi. Yule kijana akatabasamu tabasamu la mtoto, nikaona kwamba kweli hakuwa mkubwa sana. Fundi akakizima kwa mazoea, kijana akakiwasha tena, na tukapita. Mimi nilipofika kwenye kona nilitua mzigo, nikamshukuru Mungu. Yeye alikuwa anasikitika kwamba waya wa ndani ulichomewa na mtu asiyejua kazi.

Saa tisa ilitukuta tayari. Waya wa Kasenyi ulifungwa dirishani, redio ya mbao ikapata moto, kioo chake kikawaka rangi ya asali. Fundi aliinama, sikio likiwa karibu kugusa kitambaa cha spika, akaanza kuzungusha. Polepole sana. Kelele, filimbi, mtu anayesoma Kiarabu mbali, kelele. Akarudi nyuma. Akapita tena. Vero alinitazama, mimi nikatazama chini.

Halafu kukawa na bata.

Sina neno lingine. Kwac-kwac-kwac, kama bata aliyefungiwa kwenye gunia. Vero alinong'ona kwamba sauti za phonie zikiingia kwenye redio za zamani huwa hivyo, maneno hayasikiki kabisa, na anaweza kuwa mtu yeyote, askari au mfanyabiashara. Fundi aliinua kidole tunyamaze. Bata alianza chini. Akapanda. Akapanda tena. Akanyamaza, kana kwamba amemaliza. Kisha akatoa mlio mmoja wa mwisho, mkali kuliko yote.

"Hapo," Fundi alisema. "Musiguse."

Nililia palepale. Mimi pia nilikuwa nimeitambua. Nilisimamisha cherehani kwa ajili ya neno lile la mwisho miaka mingi.

"Iko wapi, Muzee?" Vero alishika phonie yake. "Nipe namba."

"Mita arobaini na tatu, kasoro kidogo."

"Hiyo kidogo siwezi kuiandika! Betri yao inakufa. Nipe kilohezi!"

Fundi alitazama mshale kwenye kioo, akafumba macho, midomo ikagawanya na kutoa, jasho likimshuka kwenye mashavu. Kisha akalitamka neno lile ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Elfu sita mia tisa na tisini. Kilohezi. Kilohezi, mama, andika! Ukikosa, panda kidogo kidogo."

Vero aliandika, akapanda kidogo kidogo mpaka tisini na tatu, na bata akageuka kuwa mtu.

"...na nilimuambia huyu opereta andika mita, mume wangu hatakubari ingine, ni mutu wa kichwa ngumu, siku mingi ninaita, ninaita, pengine iko pale na bisibisi yake hasikii hata! À vous!"

Zamu ya kusema ikawa yetu; Vero alimpa Fundi kipaza sauti. Alikipokea kwa mikono miwili, akakisogeza mpaka kikagusa mdomo.

"Nakusikia," alisema. "Nakusikia kila neno. Sikiliza, betri isikufe. Siku ya Mungu ingine, mukuje kwa kilohezi elfu sita, mia tisa tisini na tatu. À vous."

Upande wa pili zilikuja kelele za mbali tu. Kisha sauti yake ikarudi, ndogo, yenye mashaka.

"Ni nani anaongea? Mume wangu hajuake ile neno."

Vero alicheka mpaka akashika ukuta. Tulipata habari zote kwa haraka: mtoto amezaliwa porini, mwanamume, mama yake ana homa lakini anakula, watajaribu kushuka njia ikifunguka. Neno la mwisho lilikuwa: "Na ile shati, ulifua?" Hapo sauti ikakatika.

Tulirudi nyumbani, mimi na redio kichwani. Karibu na baraza alisimama.

"Mama Mashini. Ile neno nilisema kule. Tafazali isitoke."

Nikaapa. Na siri hiyo niliitunza kwa mho zangu zote: kesho yake saa sita ilikuwa sokoni, na mama wa Kasenyi aliipeleka mpaka ng'ambo ya ziwa.

Mama Fundi alirudi baada ya miezi, amekonda, na mjukuu mgongoni na binti yake nyuma. Jambo la kwanza alilofanya ni kuuliza habari za shati. Fundi aliweka chini chuma chake cha kuchomelea, akamsikiliza mpaka mwisho, mpaka lile neno kali, na hata lilipokwisha aliendelea kumtazama kama anangoja lingine. Mama Fundi alichanganyikiwa, akaniuliza pembeni kama mume wake amerogwa. Wateja wa balbu walirudi kuulizwa buji.

Mimi baadaye nilihamia upande wa pili wa mji kwa mwanangu. Mwaka jana nilipita Ngezi kumsalimia. Baraza ni ileile, lakini meza yake haina redio. Watu sasa wana simu, na simu yeye anasema ni sabuni yenye kioo. Alikuwa amekaa juani na koti. Nilimwita kutoka mlangoni, nikamwita tena karibu, ndipo akanitambua kwa utepe wangu shingoni.

"Ongea tu," aliniambia kwa sauti kubwa, akinishika mkono. "Lakini masikio imekufa, Mama Mashini. Batu bote sasa ni bata. Banafungua kinywa, mimi nasikia kwac-kwac."

Alicheka, na mimi nikacheka naye kidogo. Nilijua alikawia sana kujifunza kusikiliza, na sasa amenyang'anywa. Nilimpigia kelele sikioni kwamba bado ninamdai maelezo ya sentimita za kondensata. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Hakuwa amesikia.

Nyuma yetu Mama Fundi alitoka jikoni na chai, akaanza kumgomba: koti zito hivi kwenye jua, dawa hajanywa, mgeni amekaa bila kiti kizuri. Alianza chini, akapanda. Fundi alikuwa amempa kisogo. Nilimwona akiinua kidole, na kuanza kugeuza kichwa polepole, kidogo kidogo, akipita, akirudi nyuma, mpaka uso wake ukamwelekea mke wake sawasawa. Mama Fundi alinyamaza kana kwamba amemaliza, kisha akaongeza neno lake la mwisho.

Mimi nilikuwa nimesogea nimsaidie kugeuza kiti. Akanizuia kwa mkono.

"Hapo," alisema. "Musiguse."